Dalali anasema nyumba yetu itatoka kwa laki nne kwa usiku wakati wa AFCON. Tuhame?

Swali: Kaka, naishi Chang'ombe, Temeke. Kwa miguu ni dakika kumi na tano mpaka Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nyumba ni yetu, ina vyumba vitatu, kimoja masta. Kuna ukuta na geti, na uani tuna vyumba viwili vya wapangaji wanaolipa 80,000 kila mmoja kwa mwezi. Dalali amemwambia mume wangu kwamba AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, nyumba kama hii itakwenda kwa shilingi 400,000 kwa usiku, mwezi mzima. Sasa mume wangu anataka tuwatoe wapangaji, sisi na watoto wawili tuhamie Kisarawe kwa mama yake, tukope milioni 6 tuweke AC, vitanda vipya na rangi. Mimi moyo unasita. Hela hiyo ipo kweli? Na sheria inasemaje?

Jibu: Dada yangu, hela ipo, ila si hiyo. Nimesimamia nyumba za kupangisha kwa siku hapa Dar kwa miaka tisa, na hesabu ya dalali wenu naijua kwa moyo: laki nne mara siku thelathini, milioni 12, mnaanza kuchagua tiles. Watu wakiisikia hubishana kuhusu bei, kama laki nne ni nyingi au kidogo. Mimi bei wala siigusi kwanza. Naanza na ile thelathini.

AFCON ni timu 24 na mechi 52. Safari hii wenyeji ni watatu, Kenya, Tanzania na Uganda, waliopewa kwa pamoja Septemba 2023. Ukigawa sawasawa, kila nchi inapata mechi 17 hivi. Za Tanzania nazo hazitakuja zote Kwa Mkapa, maana Arusha imepewa uwanja wake mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya mashindano hayohayo. Kundi moja la timu nne lina mechi sita. Tuseme uwanja wenu upate kundi zima pamoja na mechi mbili tatu za mtoano. Hizo ni mechi nane au tisa, na mara nyingi mbili hupangwa siku moja. Siku zilizobaki uwanja unalala, na nyumba iliyo jirani yake inalala nao.

Kwa hiyo unachouza ni usiku wa kuamkia mechi na usiku wa baada ya mechi. Mwezi sahau.

Tumeshapata jaribio letu, tena bure. CHAN ya Agosti 2025, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilifunguliwa hapohapo jirani yako tarehe 2, Taifa Stars ikaifunga Burkina Faso 2-0. Wakati ule nilikuwa na nyumba tatu mkononi, moja ikiwa Kurasini. Usiku wa ufunguzi zote zilijaa, na kwa bei ambayo sikuwahi kuipata mwezi wa nane. Wenye nyumba wawili wakanipigia asubuhi yake: pandisha bei. Nikapandisha. Siku mbili baadaye nikaishusha kimyakimya, kwa sababu simu zilikata kama redio iliyoishiwa betri. Zikarudi kila Stars ilipocheza, kisha tarehe 22 Morocco wakatutoa kwa bao moja robo fainali. Siku hiyohiyo Kenya wakatolewa na Madagascar kwa penalti, kesho yake Uganda wakatolewa na Senegal. Ndani ya siku mbili wenyeji wote watatu walikuwa nje, na mashindano yalikuwa bado na wiki nzima. Nusu fainali ya Sudan na Madagascar ilichezwa Kwa Mkapa, sikupata hata mgeni mmoja kwa ajili yake. Wasudani waliojaa jukwaani wengi wao walikuwa wakazi wa hapahapa. Walimaliza kushangilia wakapanda bodaboda kwenda kwao.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo: nani hasa atalala kwako? Timu, waamuzi na viongozi wa CAF, shirikisho la soka Afrika, hulala hotelini kwa mikataba inayofungwa mapema. Hao si wako. Mashabiki wa nchi za mbali wanaomudu nauli ya ndege huja wachache, na wengi wao wanataka kulala karibu na bahari, si karibu na uwanja. Wanaobaki ni Watanzania wenzetu kutoka Mwanza, Mbeya, Dodoma na Tanga. Na Mtanzania akija Dar, dada, unajua analala wapi. Analala kwa shangazi. Mshindani wako wa kwanza si gesti ya Keko, ni shangazi wa Mbagala mwenye godoro la akiba sebuleni, asiyetoza kitu na anayepika wali. Ukimwomba mtu alipe 400,000 wakati shangazi yupo, lazima uwe na kitu ambacho shangazi hana.

Halafu kuna treni. Tangu SGR ianze safari za Dodoma katikati ya 2024, mtu wa Dodoma anafika Dar chini ya saa nne, na wa Morogoro ndiyo kabisa, anaweza kuja kuangalia mechi kama anayekwenda sokoni. Kila safari inapokuwa fupi, usiku mmoja unafutika kwenye daftari la mwenye nyumba.

Usidhani haya ni ya kwetu tu kwa sababu sisi ni maskini. London mwaka 2012 wenye nyumba wengi walihama makwao kwa ndoto ya Olimpiki, wakarudi nyumba ikiwa tupu kama walivyoiacha. Afrika Kusini mwaka 2010, kampuni iliyokuwa imeshikilia vyumba kwa niaba ya FIFA ilivirudisha vingi hotelini kabla ya Kombe la Dunia kuanza, na mara soko likafurika vyumba. Paris 2024 ilikuwa hivyohivyo: bei zilipaa mwaka mmoja kabla, watu kwa maelfu wakaziweka nyumba zao mtandaoni, na kadiri michezo ilivyokaribia bei zikaporomoka. Ukiangalia vizuri, sababu ni ileile kila mahali. Hoteli mpya haijengwi kwa mwezi mmoja, lakini nyumba ya mtu inageuka gesti kwa siku moja. Dalali aliyezungumza na shemeji ameshazungumza na mtaa mzima. Halafu mgeni wa kawaida, yule wa biashara au wa harusi ambaye angekuja Dar wiki hiyo hata bila mpira, akisikia AFCON anaahirisha safari.

Sasa tuingize namba zako. Tuseme mambo yanakwenda vizuri: usiku tisa unauzika kwa 150,000 nyumba nzima. Hiyo ni 1,350,000. Toa makato ya mtandao au kamisheni ya dalali. Toa wa kufua mashuka na kusafisha kila mgeni akitoka. Toa umeme: AC ya kawaida ikiwaka usiku kucha inakula kama uniti 10, na kwa shilingi 350 na ushei kwa uniti ni zaidi ya 3,500 kwa chumba kimoja, na mgeni hazimi AC akitoka, hilo liandike. Toa nauli ya familia Kisarawe kwenda na kurudi. Wapangaji ukiwatoa, chumba cha uani hakijai siku AFCON inapokwisha. Miezi mitatu bila watu ni 480,000 zimekwenda. Na huo mkopo wa milioni 6, kama ni wa kausha damu kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 1,200,000. Mmehama nyumba yenu, mmelala kwa mama mkwe, ili mumfanyie kazi mkopeshaji.

Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza: msihame, msiwatoe wapangaji, msikope. Wapangaji wale, kama wamelipa kodi ya miezi sita mbele, wana haki ya kukaa miezi yao hata hivyo, na mpangaji wa 80,000 anayelipa kwa wakati nisingembadilisha na shabiki yeyote.

Ila sikuambii ukae tu uangalie. Ningekuwa ninyi ningeitoa masta peke yake. Ina choo chake na mnaweza kuitenga na nyumba, hasa kama mlango wake uko karibu na baraza. Ninyi mhamie chumba cha pili kwa siku za mechi tu, watoto wasogee. Masta safi, yenye shuka nyeupe mbili za kubadilisha, chandarua kisicho na tundu, feni inayozunguka bila kulia, ndoo na maji yasiyokatika, hiyo unaiuza 50,000 mpaka 70,000 usiku wa mechi kubwa bila kukopa hata senti. Kama pesa yako mwenyewe ipo na mlikuwa mnataka AC tangu zamani, wekeni moja, ya masta, itabaki kuwa yenu. Simtank ya pili ina faida kuliko AC. Mgeni anasamehe joto la Dar kwa sababu alilitegemea. Kukosa maji ya kuoga baada ya kukaa jukwaani kwa muda wa saa sita juani hakusamehi.

Na kuna kitu ambacho dalali hakukiona kwa kuwa hakina kamisheni: geti lenu. Siku ya mechi kubwa, gari pale Kwa Mkapa linatafutiwa mahali kama mtoto aliyepotea. Ua wenye ukuta unaobeba magari sita, kwa 5,000 au 10,000 kila moja, unakupa hela ya jioni moja bila mtu kulalia godoro lako. Ongeza meza ya chapati, supu na chai kwa wanaotoka uwanjani usiku. Hiyo haihitaji Stars wafike fainali, inahitaji uwanja ujae tu, na Simba na Yanga wanaujaza kila mwaka. Anza nao. Jifunze kuhesabu magari kwenye dabi kabla hujafika AFCON.

Mteja mmoja tu ndiye angenishawishi mtoe nyumba nzima: kampuni. Mafundi wa televisheni na waandishi hukaa wiki mbili tatu kwa mkupuo, wanataka jiko, intaneti isiyoyumba, umeme wa akiba na sehemu ya kufungia vifaa, na kukaa karibu na uwanja kwao ni faida ya kweli kwa sababu wanarudi saa nane za usiku. Hao huanza kutafuta droo ikishatoka na ratiba ikajulikana. Wakija na mkataba wa maandishi na malipo ya benki, hapo Kisarawe ina maana. Mama mkwe asiandaliwe kabla ya hapo.

Twende kwenye sheria, na hapa nakuomba usome pamoja na shemeji. La kwanza linakuhusu wewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Huo moyo unaosita una uzito wa kisheria. Wakikuletea karatasi ya mkopo yenye nyumba kama dhamana, usisaini ukiwa umesimama jikoni.

La pili, malazi ya watalii hapa nchini yako chini ya Sheria ya Utalii ya 2008 na yanahitaji leseni, na biashara yoyote inahitaji kujulikana na halmashauri. Nenda mwenyewe dirisha la biashara la Manispaa ya Temeke, eleza kwamba unataka kupokea wageni wa kulala katika chumba kimoja kwa siku kadhaa, uliza unahitaji kibali gani na ada gani, na omba jibu kwa maandishi. Nasema maandishi kwa sababu wakati wa mashindano watakuja watu wenye makoti na vitabu vya risiti ambao hujawahi kuwaona, na karatasi ndiyo inayozungumza nao. Mjulishe pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wako. Siku mgeni akizua ugomvi saa saba usiku, mjumbe ndiye atakayefika kabla ya polisi.

La tatu ni TRA, mamlaka ya mapato. Utahitaji TIN, namba ya mlipakodi, kama huna. Kipato cha kupangisha ni kipato, kiwe cha mwaka au cha usiku mmoja. Mpangaji akiwa kampuni, atakukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Mdai cheti chake, maana hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa na itahesabiwa. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, isikutishe, kizingiti chake ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Nimtaje hapa kijana mmoja aliyenitumia video ya Mmarekani akisema ukipangisha nyumba yako chini ya siku 15 kwa mwaka hulipi kodi. Ni kweli, kwa Marekani. Wanaiita kanuni ya Augusta, kwa jina la mji wa Georgia ambako wakazi huzitoa nyumba zao kila Aprili kwa wanaokuja kwenye gofu ya Masters. Ofisi ya TRA ya Temeke haijawahi kufika Augusta.

Ukishakubali mgeni, mwandikie karatasi moja tu. Iseme ni chumba gani, watu wangapi, usiku upi mpaka upi, saa ya kutoka, kiasi kilicholipwa na amana ya uharibifu, na kwamba yeye ni mgeni wa kulala, hana upangaji. Idadi ya watu iandike kwa tarakimu na kwa maneno. Shabiki mmoja hupangisha chumba, wanne wakaingia nyuma yake na jezi na vuvuzela, na kila mmoja ana sababu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako jembe hutampa, basi tarehe iwe kwenye karatasi.

Nunua daftari la wageni kama la gesti yoyote: jina, anakotoka, namba ya kitambulisho au pasipoti, saa ya kuingia. Kitambulisho ukiangalie kwa macho yako, mwenye nacho akiwa mbele yako, sio picha ya WhatsApp. Akiingia mtu mzima na binti mwenye sura ya mwanafunzi, uliza, na usiporidhika rudisha hela.

Malipo yapokee kabla ya ufunguo. Usiangalie SMS ya muamala anayokuonyesha kwenye simu yake, na usiangalie hata iliyoingia kwenye yako. Angalia salio. SMS za kughushi zimewaliza mawakala wazoefu. Na mtu asiyekujua akituma zaidi ya bei kisha akaomba umrudishie chenji haraka, tulia, mpigie mtoa huduma kwanza.

Ukitumia Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku, fedha hutoka kama saa 24 baada ya mgeni kuingia, na wana ulinzi wao dhidi ya uharibifu kwa mwenye nyumba. Lakini ulinzi huo unafuata nafasi iliyohifadhiwa kupitia kwao. Mgeni akikwambia mhamie WhatsApp ili mwepuke makato, jua kwamba mnaepuka na ulinzi. Kamera za ndani wamezipiga marufuku tangu Aprili 2024. Ya getini inaruhusiwa, na lazima umwambie mgeni ipo. Shemeji akitaka kuweka ya sebuleni "kwa usalama", mkatalie.

Kabla mgeni hajaingia, hati ya nyumba, vyeti vya watoto vya kuzaliwa na vya shule, dhahabu yako na picha za harusi vitoke nyumbani kabisa, viende benki au kwa mtu unayemwamini. Televisheni inanunuliwa nyingine. Hati ikipotea utapanga foleni Ardhi mpaka AFCON nyingine. Mtungi wa gesi, kama jikoni wanaingia, waonyeshe unavyofungwa, wala usione aibu. Na wapangaji wa uani waambie mapema nani anakuja na lini, uwape kitu kidogo kwa usumbufu. Ndio macho yako.

Sasa fanya hivi wiki hii. Mwambie shemeji asimlipe dalali ada ya "kuiweka nyumba kwenye listi", kwa kuwa dalali halali hula mteja akishaingia. Nenda Temeke na swali lako la maandishi. Dabi ijayo, simama getini na daftari uhesabu magari yanayokuuliza kama kuna nafasi, na wangapi wanauliza chumba. Nitumie hizo namba mbili, nami nitakuandikia ile karatasi ya mgeni kwa bei inayoendana nazo.